Siku Kadi ya Mhasibu Ilipogoma

Kabatini kwangu Buzebazeba, hapa Kigoma, katikati ya vikombe vya wageni na birika nililopewa na mama siku ya harusi yangu, kuna kidude cha kijani chenye meno ya shaba upande mmoja. Wageni wakiingia hukiangalia, wakanywa chai, wakakiangalia tena. Mwisho uvumilivu unawaishia: "Bi Zuhura, hiki nacho ni pambo?" Nawajibu kwamba ni kadi ya mtandao, ile inayoiwezesha kompyuta kuongea na kompyuta nyingine. Wakiuliza imefuata nini kwenye kabati la vyombo, nawaambia chai itapoa. Ninyi vijana wa kitengo cha kompyuta mlioniomba niandike kabla sijasahau, yenu ipoe tu.

Mmetaka nieleze kazi yangu toka mwanzo. Vyeo sitavitaja, vilikuja kwa kuchelewa na havikunibadilishia hata kiti. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo nasimama jikoni nikicheka peke yangu, wajukuu wanaitana waje waone bibi kapatwa na nini.

Niliajiriwa kuwa mwendesha redio katika shirika lililokuwa likihudumia wakimbizi. Ndiyo miaka ile Kigoma ilipopokea watu mpaka ikajisahau yenyewe: Warundi makambini huko juu upande wa Kasulu na Kibondo, Wakongo wakivuka ziwa kwa boti zilizojaa hadi ukingoni, malori ya unga yakipandisha kilima kuanzia asubuhi. Simu ya mkononi ilikuwa bado habari ya watu wa Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na redio ya masafa marefu kwenye chumba cha pembeni, chenye dirisha dogo ambalo ukisimama vizuri unaliona ziwa kati ya mabati ya majirani. Kigoma tulikuwa kituo mama. Makambi, kituo cha wasafiri pale bandarini, stoo na magari yote ya barabarani walikuwa kwenye mawimbi hayo hayo. Akisema mmoja, wanasikia wote. Wakisema wawili kwa pamoja, hasikiki hata mmoja, unapata mlio tu wa kukata masikio.

Sasa mimi ni mtoto wa Ujiji. Babu zangu walivuka kutoka Kongo zamani hizo, na kwetu humwombi mtu hata kiberiti kabla hujamsalimu, ukamuuliza watoto, ukamuuliza na ule mguu uliokuwa unamsumbua. Siku yangu ya kwanza kazini nikakaa kwenye kiti, nikashika kipaza sauti, nikabonyeza kitufe, nikaanza: "Shikamooni wazee wote, habari za asubuhi, za nyumbani, mmeamkaje huko makambini?" Nikaachia, nikasubiri majibu kama mtu mwenye adabu. Kimya. Nikarudia, safari hii nikiita kituo kimoja kimoja na salamu zake. Mkuu wa kituo aliingia mbio viatu vikiwa havijafungwa kamba. "Zuhura! Hapa hatusalimiani! Unaita, unasema, unaachia! Kuna gari lina mgonjwa linakungoja umalize habari za nyumbani!"

Nilitamani sakafu inimeze. Ndipo sauti moja ikatoka kwenye spika, nzito, ya mtu mzima, yenye lafudhi ya Kirundi: "Marahaba, mwanangu. Hali ni njema, mvua imenyesha vizuri. Gari lenye mgonjwa sasa liseme. Ova."

Hilo "ova" ni kusema nimemaliza, zamu yako. Na huyo ndiye alikuwa Mzee Salvatori. Alikuwa mkimbizi, mwendesha redio wa kambini, na huko Burundi alikuwa fundi mitambo ya simu tangu ujana wake. Alikaripiwa siku hiyo kwa kunijibu, naye akajitia hamnazo. Kwa miaka mingi alinifundisha kazi kupitia spika ile kabla hatujawahi kuonana uso kwa uso. Alikuwa mkali huyo! Ukikosea anakwambia "Buhoro, buhoro," yaani polepole, kwa sauti inayokufanya ujione mtoto wa chekechea. Somo lake la kwanza nawapa bure: "Ukibonyeza, unasema. Ukiachia, unasikia. Vyote viwili kwa pamoja huwezi, hata ulie." Wengi walisahau kuachia. Wanamaliza kusema, kidole kiko pale pale, halafu wanalalamika kwamba wenzao hawajibu.

Somo la pili lilikuwa hili: ukiita kituo kisijibu, usikae kulia. Ita wote. "Stesheni yoyote inayonisikia, ijibu." Daima atatokea mmoja, dereva aliyekwama kwenye matope au mlinzi wa stoo, atakupelekea ujumbe wako. Tabia hii iliniingia kwenye damu. Hata nyumbani nikiita mtoto asiitike, naita watoto wa mtaa mzima.

Na la tatu, ambalo halikuwa na mzaha hata kidogo, lilihusu watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Ofisini kwetu kulikuwa na dada mmoja aitwaye Editha, Muha wa Kasulu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaunganisha. Mzazi alikaa naye chumbani, mlango umefungwa, akamweleza alama ya mwilini mwa mtoto ambayo mzazi tu angeijua. Alama hiyo haikusemwa hewani kamwe. Redio inasikilizwa na kila mtu. Iliwahi kusemwa mara moja, kabla yangu, na wakajitokeza watu wasio wazazi wenye maelezo yaliyonyooka mno. Tangu hapo, redioni unasema kuna mtoto, basi. Kilichobaki ni kuonana au picha.

Kompyuta zilikuja baadaye. Alikuja mtaalamu mmoja wa Kizungu na mashine ya kijivu na sidii mfukoni, akaiwekea mfumo wa Linux, akaiunganisha na dishi la setilaiti nyuma ya ofisi, akasema mashine hii ndiyo mlango wa mtandao kwa kompyuta nyingine zote. Akanionyesha namna ya kuiwasha na kuizima, akaenda likizo. Naamini likizo hiyo bado inaendelea. Waliponiuliza nani ataitunza mashine, nilinyosha mkono kwa kiherehere changu tu, maana ilikuwa imewekwa chumbani kwangu na nilichoka kuiangalia bila kujua inawaza nini.

Tena aliyenisaidia ni Mzee Salvatori. Kule kambini nako walikuwa wamepewa mashine kama yetu na dishi lao, na yeye kwenye kazi yake ya simu alikuwa amezoea mitambo inayoendeshwa kwa kuandikiwa amri, hakuna cha kubofya picha. Jioni hewa ikitulia alinisomea amri redioni, mimi naandika, namsomea nilichoona. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Linux, vijana. Ninyi mnaangalia video.

Basi, siku yenyewe.

Asubuhi hiyo mvua ilikuja na radi, na mnajua radi za kwetu Kigoma zisivyo na utani. Nilipofungua chumba nilikutana na harufu ya plastiki iliyoungua. Mashine ya Linux iliwaka, lakini kadi ya mtandao iliyokuwa ikipokea waya wa dishi ilikuwa na doa jeusi katikati. Imekufa. Laini za simu za mjini nazo zilikuwa zimelala, na barabara ya Kasulu ilikuwa imekatika kwenye daraja. Nikajisemea moyoni, sawa, leo hakuna barua pepe, dunia haitaisha.

Sijamaliza kujisemea, Editha akaingia, na nyuma yake mwanamke mrefu mwembamba aliyebeba fuko lililofungwa tayari kwa safari na kumshika mkono mtoto mdogo. "Zuhura," Editha akasema, "huyu ni Mama Riziki. Meli yake inaondoka alasiri. Niambie picha imefika."

Mama Riziki alikuwa Mkongo wa upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa amejiandikisha kurudi kwao, na meli ya wanaorudi makwao ilikuwa imekwisha tia nanga bandarini. Aliyepanda meli ile alikuwa ameaga ukimbizi. Kurejea tena Kigoma haikuwa rahisi. Na aliyeacha kupanda alipoteza nafasi, na meli nyingine hakuna aliyejua itakuja lini. Jana yake kambini alikuwa ametokea mtoto wa kiume ambaye habari zake zilifanana na za mwanawe aliyepotea. Wenzetu kule walikuwa wamempiga picha na kamera ndogo ya kompyuta. Picha ilikuwa kwenye mashine ya Mzee Salvatori, ikingoja njia. Na njia ilikuwa mimi.

Nikamwambia, "Mama, mtandao umekatika. Lakini wenzetu wanasema mtoto anafanana. Kwa nini usibaki tu?"

Aliweka fuko chini. Hakuinua sauti.

"Dada, miye nilishaambiwa mara mbili. Mara ya kwanza banasema tumemupata, nikaenda, ni mutoto wa mwanamuke mwingine. Mara ya pili vile vile. Yule wa pili alinikumbatia. Alinikumbatia sababu alitaka mama, awe nani awe nani. Nilimutoa mikono shingoni nikarudi peke yangu. Sitafanya vile tena, nitakufa. Siku tulikimbia nilimukalisha kwenye pwani, juu ya furushi la nguo, nikamwambia ningojee hapa, napeleka mudogo wako kwenye boti, nakuja. Risasi zikaanza, boti ikasukumwa. Munionyeshe sura. Nikiona sura, nabaki. Nisipoona, naenda kwetu."

Kwa kweli machozi yalinitoka, nikajifanya natafuta bisibisi. Nikamwambia, "Kaa hapo. Hiyo sura utaiona." Jeuri hiyo niliitoa wapi, Mungu anajua, maana sikuwa na kadi.

Lakini mhasibu alikuwa nayo. Mhasibu wetu alikuwa mtu mwembamba, safi, anayefuta meza kabla ya kuweka kiwiko, na kompyuta yake ilikuwa mpya kuliko zote. Nilimfungulia mashine huku ananiuliza ninafanya nini, nikachomoa kadi yake huku anasema hapana. "Jana ilikuwa inafanya kazi!" akalalama. "Ndiyo maana naichukua," nikamjibu. Akanifuata hadi chumbani, akasimama nyuma ya kiti changu kuilinda kadi yake kwa macho.

Nikaichomeka, nikakaza skrubu, nikawasha mashine. Ilikuwa vizuri: Linux ikasema inaona kadi mpya. Ikawa vibaya: kuiona ikaiona, kuitumia haikuitumia. Taa ya nyuma haikuwaka.

Hapa niwakumbushe, maana siku hizi kila kitu kinajiwasha chenyewe nanyi hamjui kwa nini. Draiva ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa fulani. Kadi yaweza kuwa nzima kabisa, lakini bila draiva yake mashine inaikodolea macho tu. Ile iliyoungua ilikuwa ya aina nyingine, na draiva yake haikufaa kitu kwa hii mpya. Kwenye diski kulikuwa na draiva chungu nzima za kadi za kila kabila, lakini ipi ilikuwa yake sikujua.

Nikafanya alichonifundisha redio. Kituo hakijibu? Ita wote! Nikaziita draiva zote. Moja baada ya nyingine, kila iliyokuwemo kwenye diski, nikaziingiza, nikaziandika na kwenye faili la kuwashia ili zisimame zenyewe kila mashine inapoamka. Mmoja wao lazima ataitika, nilijiambia, na nilijiona mjanja kupindukia. Nikazima, nikawasha. Skrini ikajaa maandishi toka juu hadi chini, kisha ikasema kifaa kina shughuli.

"Kina shughuli gani?" mhasibu akauliza. "Hakifanyi kitu."

Nikazima, nikawasha tena. Kifaa kina shughuli. Nikaipiga mashine kofi la ubavu, mhasibu akaruka kana kwamba nimempiga yeye. Kina shughuli. Dirishani nikasikia honi ya meli, ile ya kwanza ya kuwaita abiria, na Mama Riziki akageuza kichwa kuelekea bandarini. Editha aliniangalia. Kisha akaangalia saa ya mkononi.

Nikashika kipaza sauti. "Kambi, kambi, hapa Kigoma, nakuomba Mzee Salvatori haraka. Ova."

"Kigoma, nipo. Nimengoja toka asubuhi. Kuna tatizo gani? Ova."

Nikamweleza. Akaanza kujibu, lakini hapo hapo stoo ikaingilia kuuliza mafuta ya jenereta, gari la maji nalo likataka kujua kama daraja limetengenezwa, na kituo cha bandarini wakamwita Editha awapelekee abiria wake. Wote kwa mara moja. Spika ikapiga mlio, mhasibu akaziba masikio. Nilisikia "umepakia" na "ngapi," zingine zikazama. Nikamwomba arudie. Akarudia, stoo wakarudia nao. Hapo hasira zikanipanda. Nilibonyeza kitufe kwa dole gumba lote, nikatoa amri ambayo kituo mama huitoa panapokuwa na jambo la kufa na kupona.

"Stesheni zote, stesheni zote, hapa Kigoma. Kaeni kimya. Narudia, kimya! Mafuta baadaye, daraja baadaye. Anayesema ni kambi peke yake. Ova."

Hewa ikatulia. Na katikati ya ule utulivu, macho yangu yakatua kwenye skrini, kwenye msururu wa draiva nilizoziita zote, zimejipanga toka juu hadi chini, kila moja imo ndani na kila moja inataka kusema na kadi ile ile moja.

"Kigoma," Mzee akasema, sasa anasikika kama yuko chumba cha pili, "nilikuwa nakuuliza: umepakia draiva ngapi? Ova."

"Zote, Mzee."

"Zote?"

"Zote. Na nimeshaona. Zinaongea zote kwa pamoja. Moja isiyo yake imeishika kadi, haijui kuongea nayo na haitaki kuachia. Yenyewe ikija inaambiwa kuna mtu. Mzee, imeng'ang'ania kitufe! Ova!"

Alicheka mpaka spika ikatetemeka, akaitikia ndiyo kwa Kirundi. "Egome, mwanangu, egome! Ndicho nilichokuwa nakwambia, ila stoo walitaka mafuta! Sasa zinyamazishe. Toa moja moja, buhoro. Halafu niambie kwenye chipu kubwa ya kadi pameandikwa nini. Usisome boksi, boksi huandikwa na wauzaji. Soma chipu. Ova."

Nikazifuta kwanza kwenye faili la kuwashia, kisha nikazitoa moja moja kwa amri ya rmmod, ile ya kuiambia draiva iondoke. Nyingi zilitoka kwa heshima zao. Ile iliyoishika kadi iligoma hadi niliposhusha kwanza huduma iliyokuwa ikiisubiri, kisha ikaachia. Nikaandika lsmod kuangalia nani amebaki ndani. Hakuna wa mtandao hata mmoja. Hewa safi.

Nikazima mashine ili tuitazame kadi. Maandishi ya chipu yalikuwa madogo kama mayai ya dagaa. Mimi nikakodoa, Editha akakodoa. Ndipo mhasibu akanisogeza taratibu, akavaa miwani yake, akaisoma tarakimu kwa tarakimu, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu anayesoma hesabu za mwaka mbele ya wakaguzi. Nami nikazirusha hewani, Mzee akazisoma kunirudishia, mhasibu akaitikia kila moja kwa kichwa.

"Ya kadi hii ziko draiva mbili, ndugu tumbo moja," Mzee akasema. "Moja ni ya chipu mpya, moja ni ya zamani. Iliyong'ang'ania ilikuwa ile mpya. Yako ni ya zamani. Iite hiyo peke yake. Ova."

Nikawasha. Nikaandika modprobe, amri ya kuita draiva, na jina moja tu mbele yake. Kidole changu kikabaki juu ya kitufe cha mwisho, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Nyuma ya mashine taa ya kijani ikawaka. Ikazima. Ikawaka, ikaanza kupepesa haraka haraka.

Nilipiga kelele ambayo naambiwa ilisikika hadi kwa muuza maandazi nje ya geti. Mhasibu akasema, "Kadi yangu hiyo!" kwa majivuno, na wala hakutaja tena kurudishiwa, walau siku hiyo. Nikamwambia Mzee, "Tuma!"

Picha ilianza kuingia. Mtandao wa siku zile ulikuwa wa kudondosha. Picha haikuja nzima, ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia. Mama Riziki akasimama mbele ya skrini. Chumba kilikuwa kimejaa sasa, madereva, mpishi, hata mkuu wa kituo na viatu vyake. Kwanza likashuka bati la paa la kambi. Kisha ukuta wa udongo. Honi ya pili ya meli ikalia, na hakuna aliyegeuka. Zikaja nywele, zimenyolewa karibu na ngozi. Likaja paji la uso. Picha ikasita hapo, ikasita mno, nami nikaitukana kimoyomoyo matusi yote ya Ujiji.

Ikashuka tena kidogo. Nyusi.

Mama Riziki aliinua kidole chake, akakiweka juu ya nyusi yake mwenyewe ya kushoto, pale katikati, akakiacha hapo. Mimi sikuelewa. Lakini Editha, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa ameambiwa alama chumbani mlango umefungwa, alishika mdomo kwa mikono miwili na kutikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kwenye skrini nyusi ya kushoto ya mtoto ilikuwa na mkato mdogo usioota nywele.

"Alianguka kwenye jiko," Mama Riziki akasema. "Akiwa anajifunza kutembea."

Macho yakashuka, pua ikashuka, mdomo ukashuka na pengo la meno mbele. Mpishi ndiye alianza vigelegele. Wacha we! Ofisi nzima ikaitikia, madereva wakapiga meza, na mhasibu wetu, yule anayefuta meza kabla ya kuweka kiwiko, alimkumbatia dereva mwenye grisi hadi mabegani. Mama Riziki alilichukua lile fuko lake, akalifungua kamba, akaanza kutoa nguo moja moja na kuziweka juu ya meza yangu, kana kwamba amefika nyumbani. Tukamwacha azitoe.

Nami nikaenda redioni. Nikabonyeza, nikavunja kanuni mbele ya mkuu wa kituo mwenyewe. "Shikamoo, Mzee Salvatori. Ova."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Na kabla sijaongeza neno, spika ikafurika. Stoo: "Shikamoo, Mzee!" Gari la maji: "Hongera Kigoma!" Bandarini, makambini, mpaka walinzi, walikuwa wamekaa kimya muda wote huo wakisikiliza kila kitu, sasa kila mmoja anasalimia, mlio wa kukata masikio, na mkuu wa kituo anacheka.

Wakatulia. Mzee akasema, "Kigoma, mtoto yuko hapa pembeni yangu. Anasikia. Ova."

Nikamkalisha Mama Riziki kwenye kiti changu, nikamshikisha kipaza sauti, nikamwonyesha kitufe. Akabonyeza. Akasema jina la mtoto. Akalisema tena. Akamwambia mama yake ni mzima, mdogo wake yuko naye hapa, mzima, amekua, anasoma. Akamwambia usiogope, akamwambia nimekutafuta, nimekutafuta. Kisha maneno yakamwishia akabaki analia tu, na kidole kiko pale pale kwenye kitufe, kimekazana, na kule kambini mtoto hana namna ya kujibu. Hakuna stesheni iliyothubutu hata kukohoa. Nikainama, nikakifungua kile kidole taratibu, nikakiondoa kwenye kitufe.

Spika ikakwaruza. Ikatoka sauti ndogo, ya mtoto aliyekazana kusema vizuri.

"Mama, bado ningojee hapa hapa?"

Bandarini meli ikapiga honi ya mwisho na kung'oa nanga. Mama Riziki alinitazama usoni, akaninyoshea kipaza sauti. Nikambonyezea kitufe mimi mwenyewe.

"Hapana, mutoto wangu," akasema. "Usingojee tena. Ni mimi nakuja."

Daraja lilipotengenezwa alikwenda na gari la kwanza. Na mhasibu alinidai kadi yake kila mwaka hadi mashine ile ya kijivu ilipokufa kwa uzee, nikamrudishia. Siku ya kuniaga, wengine walinipa saa ya ukutani na vitenge. Yeye alinikabidhi kifurushi kidogo kilichofungwa kwa karatasi ya maua, akafuta miwani yake, akaniambia, "Hii ni yako sasa, Bi Zuhura. Usiirudishe."